Nyumba Kama Ilivyoelezwa

"Basi ufagie wewe," alisema Mama Redio. "Mti ni wako."

"Mti gani? Mimi sina mti."

"Huna mti, na majani yake yamelala kwenye shuka zangu kama wapangaji."

Mama Redio alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa kikichungulia juu ya ukuta, vibanio vya nguo vimening'inia kwenye kola ya gauni. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu habari zilimfikia yeye kabla hazijafika redioni, na zilipofika redioni alizisahihisha. Upande wa pili wa ukuta alikuwa Bi Pindo, mshonaji, tepu ya kupimia imemzunguka shingo. Jina lake yeye lilitokana na kazi: nguo aliyoipinda yeye ilichakaa kila mahali isipokuwa kwenye pindo. Wanawake hao wawili walikuwa wamegombana kwa moshi, kwa kuku, kwa maji ya kufulia na kwa kelele za sherehe, na ugomvi wao ulikuwa chumvi ya mtaa. Siku ukikosekana, watu waliulizana nani anaumwa.

Mti ulikuwepo. Ulikuwa mpera, nao ulisimama kwenye ile nafasi nyembamba kati ya bafu na ukuta, shina limeinamia kwa jirani, mapera yake bado mabichi. Mpera huo ulikuwa umekatwa zamani, Bi Pindo akiwa bado anang'oka meno ya utoto, kwa sababu mizizi yake ilikuwa inainua sakafu ya bafu. Kuni zake zilipikia msimu mzima wa mvua. Bi Pindo aliuzunguka, akaugonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akakiri kwamba ni uleule. Lakini mti uliokwisha kuliwa na moto, alisema, haudaiwi majani. Mama Redio alijibu kwamba yeye hahusiki na moto wa zamani, anahusika na shuka za leo.

Walikubaliana mwishowe kwamba Bi Pindo afagie, na mapera ya upande wa pili wa ukuta, yakiiva, yawe ya Mama Redio. Shangazi, dada wa marehemu baba yake Bi Pindo, alitoka na mkongojo wake kuona kelele ni za nini. Aliutazama mpera kutoka juu hadi chini.

"Huu ulikuwa mvivu wa kuzaa," alisema. "Likiiva moja, nichumieni. Liwe laini, meno nimebaki nayo ya kuchekea tu."

Nyumba ile ilikuwa imekua kama mtoto anavyokua, kwa vipindi, na kila mara ilipokua palikuwa na sababu ya mtu. Baba alianza na vyumba viwili vya udongo, yeye na mkewe. Kisha Shangazi akaachika, akaja na godoro moja kukaa wiki moja, na baba akaongeza chumba ili dada yake akae hiyo wiki kwa heshima. Wiki hiyo ilikuwa haijaisha. Akazaliwa mdogo wake Bi Pindo, mtoto wa kiume mwenye kelele, kikaongezwa chumba cha kumfungia kelele zake. Kikaja chumba cha nyuma, cha kupangisha, alimokaa Kinyozi tangu akiwa kijana anayenyoa watu chini ya mwavuli. Cha mwisho kilikuwa cha mbele, kinachotazama barabara, ambamo Bi Pindo aliweka cherehani yake mwaka aliofiwa na mama.

Bafu lilikuwa moja kwa wote. Asubuhi foleni ya bafu ilifika hadi jikoni, kila mtu na taulo lake begani na mswaki mdomoni, na aliyekawia ndani aliimbiwa mpaka atoke. Katika foleni hiyo Kinyozi alimwona binti aliyekuja kumtembelea Shangazi, akampisha, na kesho yake akampisha tena. Wakaoana. Nyumba haikuwahi kulala tupu. Mtu akipita jioni alisikia masufuria, mtoto anayekataa kuoga, redio tatu za vituo tofauti, na sauti ya Bi Pindo ikiwaambia wote wapunguze, kwa sauti iliyozidi redio zote.

Siku ileile mpera uliporudi, upande wa pili wa mji, hakimu alikuwa ametia saini amri ya kuihamishia nyumba hiyo kwa mtu mwingine.

Habari zililetwa na Mama Redio siku chache baadaye, naye, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alipita mlangoni badala ya ukutani. Alikaa, akaomba maji, akayanywa, ndipo akasema. Bi Pindo alimsikiliza bila kusimamisha cherehani. Habari ya deni hakuwa mgeni nayo. Mdogo wake, yule mwenye kelele, alikuwa ameiweka nyumba rehani ili anunue mashine ya kutengeneza barafu. Mashine ilitengeneza maji baridi. Akaenda kutafuta spea, na spea hiyo alikuwa anaitafuta bado. Lakini Bi Pindo alikuwa akijua deni linalipika. Chumba cha mbele peke yake kingeuzwa kingelimaliza. Alichokuwa hajui ni kwamba nyumba imekwisha kuuzwa, yote, na yeye hakuitwa.

Walikwenda mahakamani pamoja, kwa sababu Mama Redio alisema hawezi kuisikia habari hiyo kwa kusimuliwa. Karani aliwakalisha kwenye benchi, akafungua jalada, akawasomea mali iliyouzwa.

"Nyumba ya vyumba viwili, ukuta wa udongo uliopakwa chokaa, mlango wa mbele wenye rangi ya buluu, mpera mmoja nyuma. Inakaliwa na mwenyewe na mke wake."

"Hiyo ni nyumba ya kabla sijazaliwa," alisema Bi Pindo.

"Ndiyo iliyouzwa, mama," alisema karani, bila ubaya wowote.

Akawaeleza ilivyokuwa, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda kuzungumza na siku hiyo benchi halikuwa na wengine. Kabla nyumba haijauzwa kwa deni, sheria inamtaka mthamini aende akaione kwa macho. Mthamini hakwenda, njia ilikuwa na matope. Alinakili maelezo ya mkopo wa kwanza kabisa, ule ambao baba alikopa kununua mabati, akaulipa na kuusahau. Sheria inataka pia tangazo la mnada libandikwe kwenye mlango wa nyumba yenyewe. Dalali wa mahakama, mtu mpole mwenye magoti mabovu ambaye mji mzima ulimwita Nyundo, alitembea mtaa ule na gundi yake akitafuta nyumba ya udongo yenye mlango wa buluu. Hakuiona. Alichokiona ni mlango wa buluu, mpya, umeegemezwa kwenye karakana ya seremala ukisubiri mnunuzi. Alilibandika tangazo kwenye huo. Jioni mlango ulinunuliwa na mtu wa mbali, ukapakiwa kwenye lori pamoja na tangazo, ukaenda zake. Na mnada, ambao sheria inautaka ufanyike mbele ya nyumba ili watu wajue wanachokipandia bei, ulifanyika uani kwa Nyundo, kwa sababu kulikuwa na manyunyu. Walikuwepo Nyundo, mfanyabiashara wa saruji, na mwanamke aliyekuja kuulizia friji iliyotumika. Mwanamke hakuitaka nyumba. Mfanyabiashara wa saruji aliipata kwa bei ya vyumba viwili vya udongo.

"Sheria ni msumeno," alisema Mama Redio, "lakini wenu una meno upande mmoja."

Karani alisema misumeno yote ina meno upande mmoja, ndivyo inavyotengenezwa. Kisha akamwandikia Bi Pindo pingamizi, kwa mwandiko mzuri, akampangia tarehe. Bwana Saruji, kama walivyomwita tangu siku hiyo, angekabidhiwa nyumba baada ya pingamizi kusikilizwa. Hakimu akikubali kwamba kilichouzwa sicho kilichopo, mnada ungefutwa, nyumba ingethaminiwa upya na Bi Pindo angepewa nafasi ya kulipa deni. Alirudi nyumbani na moyo mwepesi. Njiani alinunua zipu.

Asubuhi iliyofuata aliamka, akachukua ufunguo wa chumba cha mbele, na chumba hakikuwepo. Korido iliishia kwenye jua. Cherehani ilikuwa imesimama nje kwenye udongo, kiti pembeni yake, na nguo za wateja zilikuwa zimekunjwa vizuri juu ya gazeti, zimepangwa kwa majina, ingawa Bi Pindo hakuwa na tabia ya kuzipanga. Mteja mmoja alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amesimama mahali palipokuwa kizingiti, akauliza kama sketi yake iko tayari. Ilikuwa tayari. Aliijaribu juu ya gauni alilovaa, wapita njia wakamwambia imemkaa, akalipa, akaenda.

Shangazi ndiye aliyeielewa hesabu mapema. Alisema nyumba inarudi nyuma kuelekea kwenye maneno ya mahakama, na kwamba kitakachofuata ni chumba cha Kinyozi. Bi Pindo alihamishia cherehani kwenye chumba cha mdogo wake, akaendelea na kazi. Alikwenda mara kwa mara kwa karani kuuliza kama mthamini anaweza kuja mapema, kabla vyumba havijaisha. Karani alimwambia hakimu alishaagiza safari hii mthamini afike mwenyewe na aone kwa macho. Lakini mthamini alikuwa likizo, anajenga nyumba yake.

Chumba cha Kinyozi hakikuondoka ghafla. Kilichakaa kama kitambaa kilichofuliwa mno. Kwanza jua lilianza kupenya ukutani, mke wa Kinyozi akawa anaanika nguo ndani na zinakauka. Baadaye watoto waliokuwa wakicheza uani wakawa wanamwona baba yao amelala, nao wakampungia mkono. Kinyozi alikaza mabati mawili, akaweka turubai, akasema wao hawahami mpaka chumba kihame. Kikahama. Alileta mkokoteni, na mtaa mzima ulitoka kubeba, kila mtu na kitu kimoja, hata waliokosa cha kubeba walibeba kioo cha kunyolea wakijitazama njiani. Kabla hajaondoka Kinyozi alichukua taulo, akaenda akasimama mbele ya mlango wa bafu. Ndani hapakuwa na mtu. Alisimama pale muda wa mtu mmoja kuoga, kisha akaingia, akanawa uso, akatoka.

"Foleni fupi siku hizi," alimwambia Bi Pindo.

"Ulizoea kulalamika ni ndefu."

"Nilikuwa sijui nalalamikia nini."

Chumba cha mdogo wake kilipoondoka kiliacha kelele zake. Kwa siku kadhaa, mahali kilipokuwa, mtu akipita alisikia mpira unapigwa ukutani na sauti ya mtoto ikitangaza mabao yake mwenyewe, halafu nayo ikaisha. Bi Pindo alikuwa amemkasirikia mdogo wake kwa muda mrefu, lakini jioni hizo alihamisha kiti chake karibu na pale, akawa anachambua mboga.

Kikabaki cha Shangazi. Bi Pindo aliapa kwamba hicho hakitoki. Alisukuma cherehani mpaka katikati ya chumba, akakaa, akaweka kazi ya kutosha: sare za shule za mtaa mzima. Alikuwa na wazo kwamba chumba chenye mtu anayefanya kazi hakiwezi kuondoka, kama vile kinyozi hawezi kuondolewa mteja akiwa amenyolewa nusu. Shangazi alimtazama kutoka kitandani.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilikuja kwa wiki moja. Mgeni asiyejua kuondoka huondolewa na nyumba."

"Wewe si mgeni, Shangazi."

"Nimekula chumvi nyingi humu ndani, inatosha."

Alimwita Mama Redio kwa kugonga ukuta kwa mkongojo. Watoto wake Mama Redio walikuja, wakalipitisha godoro juu ya ukuta, lilelile au mjukuu wake, halafu mito, halafu birika, halafu Shangazi mwenyewe, ambaye alikataa kuzungukia barabarani kwa sababu alisema si mhamaji, anasogea tu. Upande wa pili alipokelewa, akakalishwa, na kabla jua halijatua alikuwa amekwisha kuambiwa habari za watu asiowajua.

Bi Pindo alishona. Asubuhi ukuta wa mashariki ulikuwa umekwenda na mwanga ukawa mzuri zaidi kwa kazi. Mchana paa lilikwenda. Hakusimamisha mguu. Alasiri Mama Redio alipanda ndoo yake akamkuta rafiki yake amekaa kwenye kiti katikati ya uwanja mtupu, anashona sare, kuku wawili wamejilaza kwenye kivuli cha cherehani.

"Umemaliza?"

"Bado pindo."

"Maliza uje ule. Kimekwenda hicho."

Mthamini alikuja baada ya hapo. Alikuwa mtu safi, amechubuka vidole kwa kazi ya ujenzi wake, na alimpa Bi Pindo pole mara mbili kabla hajafungua mkoba. Alipima. Vyumba viwili. Aligusa ukuta, ambao wiki ile plasta yake ilikuwa imerudi kuwa udongo na chokaa, akapangusa vidole kwa leso. Aliuzunguka mpera. Mlango ulikuwa umegeuka rangi usiku wa kuamkia siku hiyo. Ulikuwa kahawia tangu Bi Pindo awe mtu mzima, sasa ulikuwa buluu, na rangi yake ilikuwa bado mbichi ikamshika mthamini kwenye mkono wa shati.

Bi Pindo alimtembeza. Hapa palikuwa na chumba cha mbele, hapa korido, hapa alikaa Kinyozi. Majirani walikuja kushuhudia, kila mmoja na chumba chake alichokikumbuka, na kwa ukumbusho wao nyumba ilifika hata vyumba tisa. Mwanamke mmoja alisema alijifungulia katika chumba cha kati. Mzee mmoja alikuwa bado anadai mwavuli alioufungia humo. Mthamini aliwasikiliza wote, kwa adabu.

"Mama, nakuamini," alisema. "Lakini mimi napima kinachoonekana."

"Ungekuja wakati ule ungeviona."

"Ningekuja wakati ule ningeviona," alikubali mthamini, akaandika, akaomba mafuta ya taa ya kutolea rangi kwenye shati. Alipewa.

Siku ya kusikilizwa hakimu alikuwa na mafua. Alisoma taarifa ya mthamini huku akijipangusa pua, akamwuliza Bi Pindo kama vyumba ni viwili. Bi Pindo alisema leo ni viwili. Akaulizwa kama mlango ni wa buluu. Akasema umekuwa wa buluu. Nyundo alisimama kwa taabu ya magoti, akaapa kwamba tangazo alilibandika kwenye mlango wa buluu kwa mkono wake, na hakuna aliyeweza kusema anadanganya, maana hakudanganya. Hakimu alisema mahakama inatambua kwamba utaratibu ulikosewa hapa na pale: kutembelewa kulikuja baada ya kuuzwa badala ya kabla, na uani kwa dalali si mbele ya nyumba. Lakini maelezo ya mali yanalingana na mali. Kwa hiyo makosa hayo hayakumdhuru mtu.

Mama Redio aliomba kusema. Aliambiwa yeye si mhusika. Alisema huyo ndiye mtu wa kwanza kumwambia neno hilo maishani mwake, akakaa.

Hakimu aliamuru makabidhiano yaendelee, na kwamba mlalamikaji asikanyage kiwanja hicho bila ruhusa ya mmiliki mpya. Akapiga chafya, na watu wote mahakamani, Bi Pindo akiwemo, wakamtakia afya njema.

Siku ya makabidhiano Bi Pindo aliamka mapema, akafagia vyumba viwili, akafagia na majani ya mpera kama walivyokubaliana. Vitu vyake vilivyobaki vilipita juu ya ukuta kwenda kwa Mama Redio. Alifunga mlango wa buluu kwa komeo, akavuka mstari wa kiwanja, akaweka cherehani yake barabarani, upande wa nje kabisa, akakaa. Alikuwa na suruali ya mtu ya kupunguza.

Alasiri walifika. Nyundo alikuwa na ufunguo mpya uliofungwa utepe. Bwana Saruji alikuja na gari lenye vumbi la kazi yake. Alikuwa mnene, mtaratibu, anayetoka jasho. Alimwamkia Bi Pindo kwa heshima, akasema hana ugomvi na mtu, anataka ghala tu, na ataanza kubomoa mwisho wa wiki. Bi Pindo alisema amesikia.

Moshi ulikuwa unapanda nyuma ya nyumba. Nyundo aliuona, akamtazama Bi Pindo, ambaye alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Kabla ufunguo haujafika kwenye tundu, mlango ulifunguliwa kutoka ndani.

Alikuwa mwanamke kijana, mikono ina unga hadi kwenye viwiko, tumbo limemtangulia. Nyuma yake alisimama mwanamume aliyekunja mikono ya shati, ameshika kigoda. Walikaribisha. Nyundo alitoa karatasi yake, akaisoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa wazi: inakaliwa na mwenyewe na mke wake. Kila kitu kililingana.

"Nilinunua nyumba," alisema Bwana Saruji kwa sauti ya chini. "Sikununua wakwe."

Nyundo alimweleza kwamba ameinunua kama ilivyoelezwa. Kuwatoa waliomo ni kesi nyingine, na ina utaratibu wake. Inaanza na tangazo mlangoni.

Mwenye nyumba aliuliza kama wageni wametoka kwa watu wa mabati. Bwana Saruji alisema yeye ni wa saruji. Mwenye nyumba alifurahi, akasema hata saruji ataihitaji siku moja, Mungu akipenda, anayo mawazo ya kuongeza kidogo. Akampa kigoda. Mkeka ulitandikwa kivulini, mbele ya mlango, sufuria ikaletwa, maji ya kunawa yakaletwa, na wale wanaume wawili, ambao walikuwa hawajala tangu asubuhi, walinawa wakakaa. Bwana Saruji alitia saini ya kupokea nyumba kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na mchuzi. Ufunguo uliwekwa kando ya sahani yake. Walikula vizuri. Mwenye nyumba aliwasimulia habari za paa.

Mama Redio alikuwa juu ya ndoo yake. Shangazi, chini yake, alikuwa anaulizia kila kitu na kuambiwa nusu.

"Mama yako yule," alisema Mama Redio.

"Namwona," alisema Bi Pindo.

"Ana mimba."

"Ni mimi."

Mama Redio alipima kwa macho. "Ulikuwa mkubwa."

"Alisema hivyo daima."

Bi Pindo aliinamia suruali yake. Mama yake alikuwa na nusu ya umri wake. Bi Pindo alikuwa hajawahi kumwona akitembea hivyo, bila kushika kiuno. Alichomjua nacho kilikuwa kikohozi, na miwani iliyofungwa uzi, na mkono uliomwelekeza namna ya kupinda nguo ili ishonwe mara moja tu. Huyu hakuwa bado na miwani. Aliwaongezea wageni, akageuka kurudi ndani, akaona mtu barabarani. Akaja hadi kwenye mstari wa kiwanja, mahali ambapo siku moja mumewe angejenga chumba cha mbele, akasimama huku akijipangusa unga.

Alimwamkia kwa adabu ya kijana kwa mtu mzima. Bi Pindo aliitikia. Aliuliza kama yuko pamoja na wale wageni. Bi Pindo alisema hapana. Aliuliza kama ni fundi, akasifu cherehani, akasema angependa naye kujifunza siku moja, akishajifungua. Bi Pindo alisema atajifunza, na atakuwa hodari.

"Mbona umekaa juani na kivuli kipo?" aliuliza yule kijana.

"Nimekatazwa kuingia hapa."

"Na nani?"

"Na mahakama."

Aligeuka akawatazama wanaume waliokuwa wakila mbele ya mlango wake, Nyundo akilamba kidole, ufunguo kando ya sahani. Akamrudia mgeni wake.

"Mahakama haijapika hapa," alisema. "Ingia, mama. Chakula kinapoa."